Hewa ya Chumba cha Kadi

Kazi yangu ni kutafuta maneno yalikotoka. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya kukaa na kutafuna kalamu, nami huwaacha na dhana yao, maana kumweleza asiyetaka kuelewa ni kutwanga maji kwenye kinu. Ofisi yetu inatunga kamusi ya sayansi, ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kila neno lina watu wawili: mmoja anaandika maana zake, mwingine anaandika asili yake. Maana ni za Mhariri Mkuu. Asili ni zangu, miaka kumi na tisa sasa, na meza yangu iko hatua nne kutoka mlango wa chumba cha kadi.

Chumba hicho ndicho moyo wa ofisi. Kina masanduku ya mbao zaidi ya mia mbili, na ndani yake zimepangwa kadi ngumu. Kila kadi ina neno moja, sentensi moja iliyotumia neno hilo, na mahali sentensi ilipotoka. Kompyuta tulishaahidiwa mara tatu. Aliyezijua kadi zote kwa kichwa alikuwa shemeji yangu. Ukimtajia neno anakwambia liko sanduku la themanini na tatu, kadi ya kumi hivi kutoka nyuma, na ukienda kuangalia unalikuta hapohapo.

Alimwoa mdogo wangu. Mdogo wangu akafariki, akamwachia binti mmoja, na mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi ya kutunza kadi, kwa ajili ya yule mtoto tu. Yeye mwenyewe sikumpenda, na sitaki kujipaka mafuta hapa. Alikuwa mtu wa mzaha mno. Mdogo wangu alipokuwa kitandani anaumwa, alimfanyia mzaha mpaka siku ya mwisho, na mdogo wangu alicheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniuma, kwa sababu mimi dada yake sikuwahi kumchekesha hata siku moja.

Mwaka huo mvua zilizidi. Jengo letu ni la zamani, chumba cha kadi kiko chini, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa unatoa jasho. Kadi zikaanza kuota ukungu wa kijani pembeni. Hita ya umeme ilikuwa imeungua, kwa hiyo tukarudia njia ya mtunza kadi wa kwanza, aliyestaafu kabla sijaajiriwa: jiko la mkaa. Kila asubuhi shemeji aliliwasha nje chini ya varanda, akapepea mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu, ndipo akalibeba ndani na kuliweka juu ya kigae katikati ya chumba. Akavuta masanduku nusunusu ili kadi zipate joto, akafunga mlango. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari tangu wezi walipoingia mara moja, wakaondoka na kiti.

"Mkaa ukishaiva hauna neno," alikuwa akisema. "Ubaya wake wote umo kwenye moshi." Sote tuliamini hivyo. Hakuna aliyetufundisha, lakini ofisi nzima ya watu waliosoma ililikubali jambo hilo bila kuliuliza lilikotoka.

Tofauti ilikuwa moja. Yule mtunza kadi wa zamani aliweka jiko, akatoka, akaenda kunywa chai yake mpaka saa sita. Shemeji alibaki ndani, kwa sababu Mhariri alitaka herufi ya G imalizike kabla ya mvua kukatika, na kila baada ya dakika chache mmoja wetu aligonga kuomba sanduku. Tena mlango ule ulikuwa na uwazi chini, kiganja kinapita. Kwenye uwazi ule ndipo nilipoingia mimi katika kisa hiki.

Majivu yalikuwa yananijia. Kila mlango ulipofunguliwa na kufungwa, vumbi jeupe lilipita chini na kutua kwenye karatasi zangu, nami nikapiga chafya mpaka mbavu zikauma. Siku ya tatu nikaleta blanketi kuukuu kutoka nyumbani, nikalikunja mara mbili na kulisukumiza chini ya mlango kwa ncha ya kiatu mpaka likakaza.

"Hata joto halitatoka," nilimwambia kupitia mlangoni. "Kadi zako zitakauka upesi."

"Shemeji, unataka kunioka?"

"Kama mkate. Ukiiva nitakuita."

Alicheka. Kuanzia siku hiyo, kila alipopita kutoka au kuingia, mimi mwenyewe niliinuka nikalirudisha blanketi mahali pake. Yeye hakuligusa hata mara moja. Nataka hilo lieleweke.

Neno nililokuwa nalo wiki hizo lilikuwa lile Waingereza wanaloliita gas, nasi tunaita gesi. Ni neno linalojulikana na kila mtu. Mpishi analo kwenye mtungi, muuza soda analo kwenye chupa, mwanafunzi anaambiwa ni hali mojawapo ya maada, na mwenye tumbo bovu analo bila kufundishwa. Wamarekani wanaiita hivyo hata petroli, ambayo ni maji matupu. Mhariri alikuwa amepanga maana sita, akanitumia karatasi akisema asili yake niandike mistari miwili basi, tusonge mbele.

Mistari miwili haikutosha. Maneno mengi hayajulikani nani aliyeyazaa, lakini hili baba yake anajulikana. Alikuwa tabibu mmoja wa Ulaya, karne ya kumi na saba, aliyependa kupima vitu. Alichoma ratili sitini na mbili za mkaa, akapata majivu ratili moja, akajiuliza zile sitini na moja zimekwenda wapi. Hazikuwa moshi, kwa sababu moshi unaonekana. Hazikuwa mvuke, kwa sababu mvuke ukipoa hugeuka maji. Na hewa ya kawaida hakukubali kwamba ndiyo hiyo. Akasema ni roho ya porini, kitu kisichofungika chomboni wala kuonekana kwa macho. Roho hiyo haikuwa na jina, naye akaipa jina kwa kulifinya neno la Kigiriki, chaos, kama lilivyosikika kwa ulimi wa kwao.

Hapo ndipo mimi na Mhariri tulipogombana. Yeye alitaka tuandike kwamba neno hilo la Kigiriki ni "vurugu". Mimi nikasema hapana, hiyo ni maana ya baadaye. Kwa Wagiriki wa kale lilikuwa pengo lililoachama, utupu uliokuwepo kabla ya kitu chochote, kama kinywa kilichofunguliwa na hakina kichwa. Akaniandikia kwamba wasomaji ni wanafunzi wa sayansi, si waganga. Nikamwandikia kwamba mtu anayeogopa maana asiende kwenye kamusi. Tulipelekeana vikaratasi siku tatu, meza zetu zikitazamana, kama mke na mume walionuniana.

Shemeji ndiye aliyekuwa akipitisha sanduku la G, nalo lilimchelewesha kila siku zaidi. Mwanzoni nilidhani ni uzembe. Nikamtuma kadi za "gesi" akaniletea za "jiwe". Nikamrudisha, akasimama katikati ya ofisi ameshika kichwa, ananitazama kama aliyesahau alikuwa akienda wapi.

"Kichwa kinagonga," alisema. "Kama kuna fundi ndani."

"Lala mapema."

"Nalala saa mbili, shemeji. Hata kuku wananishangaa."

Uso wake ulikuwa mwekundu kidogo, ngozi imenawiri, na mpiga chapa akamtania kwamba amepata mchumba. Saa nne akatapika nyuma ya jengo. Saa tano nilimkuta ameegemea masanduku anasinzia, mdomo wazi. Jumamosi binti yake, ambaye ni fundi cherehani na wanakaa pamoja, alinipigia simu kwa jambo lake lingine. Nikamuuliza hali ya baba yake, akasema mzima wa afya, yuko juu ya dari anaziba panapovuja, anaimba. Jumatatu saa nne akatapika tena.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Anaumwa siku za kazi, anapona siku za mapumziko. Anaumwa asubuhi jiko likiwaka, jioni akifika nyumbani ana nafuu. Ushahidi wote ulikuwa mezani kwangu, umepangika kuliko kadi zozote. Mimi niliusoma nikaelewa nilichotaka kuelewa: kwamba shemeji yangu anaumwa kazi. Mbaya zaidi, nikaandika. Nilimwandikia Mhariri kwamba mtunza kadi anakuja kazini amelewa, ingawa sikuwahi kunusa pombe kwake, na kwamba analala saa za kazi. Mhariri akanijibu kwa maneno manane: Nikimkuta kwa macho yangu amelala, leo leo anaondoka. Nilikikunja kikaratasi hicho nikakitia mkobani, na moyoni niliona raha. Naisema raha hiyo kwa sababu ilikuwepo.

Siku ya Alhamisi mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Shemeji alileta jiko kubwa zaidi, kwa kuwa ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kuchuruzika. Aliingia saa mbili na nusu. Nikainuka, nikakaza blanketi kwa ncha ya kiatu. Saa nne kasoro nilihitaji kadi. Nikagonga, nikaita. Hakuitika. Nikatega sikio mlangoni nikasikia anakoroma, mkoromo mzito, wa kuvuta kwa shida, kisha kimya kirefu, kisha mkoromo tena.

Ningefungua wakati huo. Kitasa kilikuwa mkononi mwangu. Lakini nilijua nikifungua ataamka, atafanya mzaha, na Mhariri hatakuwa ameona kitu. Nikakiachia taratibu nisimwamshe, nikaenda kwa Mhariri kumwita aje kushuhudia. Mhariri alikuwa kwenye simu na wachapaji, akanionyesha kiganja: ngoja. Nikarudi mezani kwangu kungoja. Kutoka hapo mkoromo nilikuwa naendelea kuusikia, nikauhesabu kuwa ni mali yangu.

Ili muda upite nikafungua kitabu cha maisha ya yule tabibu, nilikoishia jana. Nilibakiza kurasa za mwisho. Kitabu kilisimulia kwamba uzeeni, siku moja ya baridi kali, aliwekewa chombo cha makaa chumbani alimokuwa akiandika, mlango umefungwa ili joto lisitoke, na yale makaa hayakuwa na moshi hata kidogo. Akasikia kichwa kizito na kichefuchefu. Akajikokota kwenda mlangoni, akaanguka. Mtu yuleyule aliyeipa roho ya porini jina lake, ilimjia chumbani kwake naye hakuitambua.

Nilisoma sentensi hiyo mara ya pili. Kisha nikagundua kwamba mkoromo sikuwa nausikia tena.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mlango ukigoma, kwa sababu blanketi lilikuwa limejikunja chini yake kama kabari, nami ndiye niliyelikaza. Nikavuta, nikapiga teke, nikapiga magoti nikalichomoa kwa kucha. Mlango ulipofunguka lilinipiga joto kavu, lisilo na harufu ya chochote. Lingekuwa na harufu ningeshukuru. Makaa yalikuwa mekundu mazuri, yametulia. Shemeji alikuwa chini, kifudifudi, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, na vidole vyake vilikuwa karibu sana na mahali blanketi lilipokuwa.

Hakuwa amelala. Alikuwa ameamka wakati fulani, na alikuwa anakuja.

Mimi na mpiga chapa tulimburuta mpaka varandani, kwenye mvua. Mhariri alitoka na simu mkononi akauliza kuna nini. Niliona saa ya ukutani. Tangu nilipokiachia kitasa zilikuwa zimepita dakika kumi na saba.

Hospitali walimwekea hewa safi ya mtungi puani usiku na mchana. Daktari, dada mmoja mdogo aliyeonekana hajalala, aliuliza alikuwa akichoma nini. Nikamwambia mkaa. Akauliza mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Binti yake alikuwa amesimama kando yangu, na kipimo cha ushonaji bado kiko shingoni.

"Ulifungwa," nikasema.

"Na uwazi wa chini?"

"Hakukuwa na uwazi."

Siku ya tatu akaamka, akaomba uji. Siku ya tano akaruhusiwa. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kusalimia, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kadi, ambao sasa umewekewa dirisha la nyavu, akanitania mbele ya wote kwamba shemeji yake alishindwa hata kumwoka vizuri. Watu wakacheka, na Mhariri akacheka, na mimi nikaenda chooni nikalia mpaka pua ikaziba. Nilikuwa nimekichoma kile kikaratasi cha maneno manane. Nilidhani yamekwisha.

Daktari hakucheka nilipomweleza. Alisema tusubiri. Alisema sumu hii ina tabia mbaya, inaweza kumwacha mtu atembee wiki mbili tatu akiwa salama kabisa, kisha ikarudi kudai. Nilimwona anakuza mambo.

Wiki ya nne shemeji aliniomba sanduku la mia na arobaini. Nikamwambia yeye ndiye mtunza kadi, si mimi. Akaniangalia kwa upole. Kesho yake nilimkuta amekaa sakafuni, kadi za masanduku sita zimetapakaa kumzunguka, anazichukua moja moja, anaisoma kila moja kwa sauti ya chini na kuiweka chini, kama mtu anayetafuta jina lake. Binti yake alikuja kumchukua. Alimfunga vifungo vya shati palepale, na baba mtu akasimama akafungwa.

Sasa yuko nyumbani. Anamjua binti yake, ananijua mimi, anajua mkewe alifariki. Ya zamani anayo yote. Mapya hayakai, ukimwambia jambo leo, kesho limefutika. Daktari anasema wengine hurudi baada ya miezi, wengine hawarudi, na yeye hataki kutudanganya. Mimi huenda kila jioni nikitoka kazini. Nimeuzoea mlio wa cherehani ile ya mpwa wangu, inavyokwama kwenye kitambaa kizito.

Jioni ya kwanza nilipoenda nilikuwa nimeazimia. Shemeji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, wameniambia ni wewe uliyenifungulia mlango. Bila wewe ningekuwa udongoni saa hizi."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya blanketi, na ya barua niliyomwandikia Mhariri, na ya kitasa, na ya dakika kumi na saba. Sikumficha hata moja. Uso wake ulibadilika polepole, nikauona mzaha ukimtoka wote, kitu ambacho sikuwahi kukiona hata kwenye mazishi ya mdogo wangu. Alilia. Nami nikalia. Baadaye sana akasema, "Basi. Wewe ni dada yake. Nimekusamehe." Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, na usiku ule nililala vizuri, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Kesho yake jioni alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Shemeji, wameniambia ni wewe uliyenifungulia mlango."

Nikamwambia tena. Akalia tena, akanisamehe tena, na msamaha huo ulikuwa wa kweli kama wa jana. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya nne alichelewa kusamehe. Siku ya tano hakusamehe kabisa, aliniambia niondoke, nikaondoka nikijua kwamba kesho atanipokea kwa furaha. Nilikuwa nimeanza kujipangia maneno njiani, lipi litangulie, lipi nilipunguze makali, na nikajichukia kwa kujipangia.

Siku ya sita mpwa wangu alinisubiri nje, kabla sijabisha. Alikuwa ameshika mkasi bila kujua ameushika.

"Mama mkubwa, naomba nikwambie kitu, na usinikasirikie."

"Sema, mwanangu."

"Baba anasahau maneno uliyomwambia. Uchungu hausahau. Ukiondoka anakaa pale anatetemeka mpaka usiku, ananiuliza ni nani amekufa. Mimi nimeshasikia, mara tano, nyuma ya pazia. Mimi nitakaa nayo. Lakini yeye usimwambie tena."

Nilimuuliza kama yeye amenisamehe. Aliutazama ule mkasi.

"Sijui," alisema. "Ingia, anakusubiri."

Nikaingia. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha lililo wazi, amenyolewa vizuri, na aliponiona uso ulimchanua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia kwamba ni mimi niliyemfungulia mlango, kwamba bila mimi angekuwa udongoni, na kwamba siku zote mkewe alikuwa akimwambia kwamba dada yake ni mkali lakini ana moyo.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Ni mimi niliyekufungulia."